Tisa kwa kumi, na bando je?

Mmeuliza wiki hii: kabla ya kununua gemu mpya, unamsikiliza nani, mchambuzi, rafiki au mfuko? Mimi huku Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli, namsikiliza mtu ambaye hamkumtaja: kijana wa banda la gemu.

Huyo hatoi alama za tisa kwa kumi. Ana viti vinne vya plastiki, daftari la madeni na pedi mbili, moja imelegea mpaka mchezaji anakimbilia kushoto bila kuguswa. Gemu ikikaa wiki mbili bila mtu kuiomba, anaifuta apate nafasi. Basi, uchambuzi umekwisha.

Sisemi wachambuzi ni waongo. Ila wanacheza walichopewa. Desemba 2020, kabla gemu ya Cyberpunk 2077 haijatoka, waliyoitengeneza, CD Projekt ya Poland, iliwapa wachambuzi nakala za kompyuta tu. Sifa zikamiminika. Wenye PS4, mashine ya gemu ya Sony, walipoiwasha wakakuta inakwama na kuzimika, na wiki moja baadaye Sony ikaitoa dukani kwake na kurudisha watu pesa zao. Ilirudi Juni 2021. Siku hizi inasifiwa, na inastahili, lakini aliyewahi siku ya kwanza alilipa bei kamili ili awe mjaribishaji. Ndiyo maana gemu ya leo leo siigusi. (Mdogo wangu anasema huo ni ukata tu, nimeupaka rangi. Nusu yake kweli.)

Bei ya gemu mpya nayo imepanda. Ujio wa PS5 mwaka 2020 ulitutoa dola 60 ukatupeleka 70, na 2025 Nintendo wakaiuza Mario Kart World dola 80. Mimi hata hizo sizilii sana, maana nangoja punguzo. Kinachoniumiza ni bando. Mwaka jana nilipata gemu kwa bei ya sahani mbili za ugali na migebuka, nikafurahi, kumbe ina GB 80 na ushee. Nikaipakua kwa bando za usiku, simu nimeiegesha dirishani ndipo inaposhika mtandao, mke wangu akilalamikia mbu. Usiku wa nne umeme ukakatika. Nilipopiga hesabu, bei ya bando imeipita ya gemu mara tatu. Katika uchambuzi wote niliousoma, hakuna aliyetaja ukubwa wake.

Halafu ya dijitali huuzi wala huazimi. Diski yangu moja ilikuja na basi kutoka Dar, nikaimaliza, shemeji wa Ujiji akaiazima, ikarudi na mikwaruzo, na bado nikaiuza. Ingawa diski nayo siku hizi si kinga: The Crew ya Ubisoft, ya mwaka 2014, ilizimiwa seva 31 Machi 2024, na kwa kuwa haichezeki bila intaneti, hata wenye diski walibaki na kisahani cha kuwekea kikombe. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, angalau wanarudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2. Hapo nawapa heko.

Juzi nilimuuliza yule kijana kama ataleta gemu mpya ya mpira. Akanionyesha kidole kwenye televisheni: FIFA 19, vikosi amevipanga upya kwa mkono, mchezaji mmoja mmoja, na benchi lina watu watano wanaobishana zamu ni ya nani.

Msomaji wenu, Mwanga, Kigoma