Ukuta wa nyumba ya shamba ya Ireland una unyevu? Angalia saruji kwanza

Mwenye nyumba ya zamani ya shamba huko Ireland akiona ukungu chini ya ukuta, kwa kawaida huuziwa dawa ya kudungwa ukutani. Asikimbilie kulipa. Nyumba hizi, zenye upana wa chumba kimoja tu, nyingi zilijengwa kwa mawe yasiyochongwa, kuta zenye unene wa sentimita 60 hivi, bila tabaka la kuzuia maji kwenye msingi. Mvua iliingia kidogo, lipu ya chokaa, inayopitisha unyevu, ikaitoa, na moto wa jikoni, ambao haukuachwa uzimike, ukasaidia kukausha. Ukipiga lipu ya saruji nje, inapata nyufa nyembamba. Maji yanapenya humo na hayana pa kutokea. Wenye majengo ya matumbawe Zanzibar na Lamu wanaujua ugonjwa huu.

Kabla ya kugusa lipu, shughulikia maji. Ardhi ya nje ikiwa juu kuliko sakafu, ichimbwe ishuke sentimita 15 hadi 20 chini yake, taratibu, maana misingi mingine ni mifupi na ukichimba sana ukuta unaweza kukaa vibaya. Zibua mifereji ya paa, kagua na bomba la moshi.

Saruji ibanduliwe kwa nyundo na patasi, ukianza na kipande kidogo mahali pasipoonekana. Ikitoka na uso wa jiwe, simama: hasara ya kulazimisha ni kubwa kuliko ya kuiacha. Mashine ya kuvunjia usiilete kabisa, hutikisa mawe ya ndani yaliyoshikwa na udongo tu. Kisha uache ukuta ukauke kwa miezi kadhaa.

Viungo kati ya mawe vilivyolegea vikwanguliwe kwa kina cha angalau mara mbili ya upana wake, na mashimo makubwa yajazwe vipande vya mawe, si chokaa tupu, kwani chokaa nene husinyaa na kupasuka. Mchanganyiko wa kawaida wa kujazia viungo na wa lipu mpya ni sehemu 1 ya chokaa yenye alama NHL 3.5 (chokaa asilia inayoganda kwa maji) kwa sehemu 2.5 hadi 3 za mchanga mkali wenye chembe za ukubwa tofauti. Usiongeze saruji "kidogo ili ishike". Hapo kazi yote imeharibika. Lowesha ukuta kwanza, piga tabaka zisizozidi milimita 10 hivi, funika kwa magunia yenye unyevu kwa takriban wiki moja. Jua na upepo vikiikausha upesi, inabaki unga. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, kazi isimame. Kwa hiyo fanya kati ya Aprili na Septemba. Vaa miwani, chokaa huunguza macho.

Siku hizi wengi huacha mawe wazi ndani na nje kwa sababu yanapendeza kwenye picha. Mawe haya hayakukusudiwa kuonekana. Lipu ndiyo ilikuwa koti la mvua.

Rangi ya nje iwe chokaa iliyochujwa, ikazimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa, ipakwe mara 4 au 5, siku moja kati ya mkono na mkono. Ukipaka nene mara moja, itabanduka majira ya kwanza ya baridi. Na kama nyumba ipo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa ya halmashauri, omba tamko la maandishi kuhusu kazi zinazoruhusiwa kabla ya fundi kushika nyundo.