Kutwa moja Dar: Msivuke Jangwani wala Salenda

Wiki hii jarida limeuliza: familia ya watu watano inatoka Morogoro alfajiri kwa treni ya SGR na kurudi jioni hiyohiyo. Itembee wapi Dar es Salaam, na ile wapi? Jibu langu fupi ni hilo la kichwa cha habari. Mkishavuka Jangwani kwenda Magomeni, au Daraja la Salenda kwenda Coco Beach, siku yenu si yenu tena, ni ya foleni. Mihogo ya Coco Beach ni mitamu, sibishi, lakini mihogo haikosi siku nyingine. Bakini Posta, katikati ya jiji. Stesheni ya SGR iko pale pale mjini, na kutoka hapo mnaweza kupiga duara la kilomita nne au tano kwa miguu: kwenda mshike njia ya baharini, kurudi mshike barabara ya Samora.

Kosa la wageni wengi ni mpangilio. Wanaanza makumbusho kwa sababu watoto bado wana nguvu, halafu saa nane wanateremka Feri, kwenye soko la samaki, na jua la utosi. Wakati huo mnada umeshapoa, samaki wazuri wamekwenda hotelini, na waliobaki wamekaa juani tangu asubuhi. Geuzeni. Asubuhi iwe ya nje, alasiri iwe ya ndani, kwenye kivuli.

Kutoka stesheni fuateni barabara ya Sokoine kuelekea mashariki. Mtapita Boma la Kale, jengo la mawe ya matumbawe la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid. Watoto waonyesheni unene wa kuta na mlango wa nakshi, dakika 10 zinatosha. Mbele kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha kanisa la Walutheri la Azania Front lenye vigae vyekundu, yote mawili ya Wajerumani, yakamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1900. Angalieni vijipaa vya vigae juu ya madirisha ya Azania: vimewekwa kukinga jua na mvua, na mtoto akishaelezwa hilo hatasahau. Jumapili msiingie kutalii, watu wanasali.

Mkifika Feri saa nne au saa nne na nusu mko sawa. Hapa ndipo mahali pa kutulia, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Sakafu ya soko ina maji muda wote. Raba nyeupe ziacheni nyumbani, vaeni makubadhi ya kushika kisigino. Mnadani dalali anauza kwa fungu au ndoo, na wanunuzi wake ni wachuuzi. Familia haihitaji kushindana nao, vukeni mkaende kwenye meza za rejareja. Kwa watu watano wanaokula na ugali au chipsi, kilo mbili za samaki mzima zinatosha, maana kichwa, magamba, utumbo na mifupa vikitoka hubaki mnofu wa kama kilo moja. Changu wa gramu 300 hadi 400, kila mtu wake, ndiyo hesabu rahisi. Mtoto mdogo mnunulieni kipande cha nguru chenye unene wa vidole viwili: mfupa wake ni mkubwa, unaonekana na kutoka mara moja. Tasi ni mtamu lakini ana miba ya kumtesa mtoto.

Jicho la samaki mbichi limejaa na linang'aa. Likiwa limezama na lina ukungu, endeleeni mbele. Funueni mashavu: ndani yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyezeni mgongo kwa kidole, shimo likibaki samaki huyo ni wa jana. Muuzaji anayekataza kugusa amejibu swali.

Bei zipo tatu, na kila moja mwafikiane kabla: ya samaki, ya kumpara, ya kumkaanga. Atatokea kijana wa kuwabebea mfuko na kuwapeleka "kwa mtu wake", na huyo atakuwa bei ya nne. Mzazi mmoja akae na watoto kivulini, mwingine amfuate samaki hatua kwa hatua. Si kwamba watu wa Feri ni wezi. Makarai ni makubwa, samaki wa wateja sita wanaingia pamoja, na changu hana jina la mwenyewe. Mwambieni mparaji akate chale tatu kila ubavu, ziguse mfupa. Bila chale samaki huiva nje akawa mwekundu kwenye uti.

Kwa mkaangaji tazameni mafuta kwanza. Mafuta meusi yenye povu lisilotulia yamechoka, hamieni karai la jirani. Samaki apakwe chumvi na limau, akaushwe maji, ndipo aingie mafuta yakiwa ya moto sana. Changu wa gramu 400 anataka dakika nne au tano kila upande. Akirundikwa na wenzake kumi mafuta hupoa, naye badala ya kukaangika hunywa mafuta, mkila mnalalamika tumbo safari nzima. Ugali na kachumbari agizeni kwa mama lishe mapema, samaki akiwa bado kwa mparaji, la sivyo atapoa akisubiri. Mleni hapohapo. Samaki mbichi wa kupeleka Morogoro msinunue: saa sita za joto la Dar, kisha behewa lenye watu, hapana.

Picha pigeni za mitumbwi na bahari. Ikulu ya Magogoni iko jirani, simu zisielekezwe huko.

Mkishashiba, pandeni kivuko kwenda Kigamboni na kurudi. Kwa miaka mingi nauli ya mtu mzima imekuwa shilingi 200, na kwa pesa hiyo mnaiona bandari, meli na mji mzima kutoka majini. Nendeni adhuhuri. Alfajiri na kuanzia saa kumi jioni ni vurugu ya wafanyakazi, na Jumapili jioni kuna umati unaorudi kutoka fukwe za Kigamboni. Lango likifunguliwa watu huenda kama maji ya mtaro. Shikeni watoto mkono, waacheni wenye haraka watangulie, na msisimame katikati ya magari.

Saa nane ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Chukueni vitambulisho vya NIDA, kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Anzeni na magari ya zamani ya viongozi, watoto waridhike, kisha ukumbi wa chimbuko la binadamu: habari ya fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. Mwambieni mtoto aweke mguu wake karibu na mfano wa unyayo apime. Kuna pia kumbukumbu ya waliokufa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Saa moja na nusu inatosha. Bustani ya mimea iko jirani, ina miti mikubwa ya kupumzikia.

Kurudi ni Samora moja kwa moja. Sanamu ya Askari iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Kikosi cha wapagazi hao Waingereza walikiita Carrier Corps, na ulimi wetu ukakifanya Kariakoo. Kariakoo penyewe siku hiyo mpaache tu. Watoto watatu katika msongamano ule ni kazi ya kuhesabu vichwa.

Saa kumi pindeni kuelekea Kisutu mpate kachori, bajia na chatini ya nazi, na glasi ya juisi ya miwa iliyokamuliwa na limau na tangawizi. Ombeni isitiwe barafu kama hamjui maji yake. Ijumaa migahawa mingi ya eneo hilo hufunga kati ya saa sita na nusu na saa nane kwa swala, na Ramadhani mchana wote ni shida kupata chakula. Jumapili nusu ya mji umefungwa. Jumamosi ndiyo siku.

Kuhusu nauli: treni ilipoanza Juni 2024, Dar–Morogoro daraja la kawaida ilitangazwa shilingi 13,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Wazazi wawili na watoto watatu wa umri huo ni 91,000 kwenda na kurudi. Tiketi ya kurudi kateni pamoja na ya kuja, Jumamosi na Jumapili jioni hujaa. Mizigo hukaguliwa kwa mashine, kwa hiyo muwe stesheni saa nzima kabla. Na kumbukeni stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nauli ya bajaji ya usiku iwekeni pembeni tangu asubuhi.

Mkija Aprili au Mei na mvua ikaamka nanyi, geuzeni duara: makumbusho kwanza, Feri muione tu. Bahari ikichafuka ngalawa hazitoki, na samaki wa siku hiyo ni wa barafu. Kuleni biriani Kisutu.