Diploma Kwanza, Halafu “Aunganishe” Mwaka wa Pili?

SWALI: Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa EGM. Amepata daraja la pili, pointi 11: Uchumi C, Jiografia C na Hesabu E. Amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma kusoma shahada ya uchumi. Sisi hatuna shida na masomo, shida yetu ni umbali. Miaka yote amesoma shule za kutwa, hajawahi kujitegemea. Shangazi yake ametupeleka kwa kijana mmoja mwenye steshenari anayeandikisha watu vyuo. Anasema aanze diploma ya uhasibu chuo kimoja hapa mjini, akae nyumbani, na akimaliza miaka miwili anaunganisha mwaka wa pili wa digrii, kwa hiyo hapotezi kitu. Tumsikilize? – Mama Neema, Chanika.

JIBU: Hapana, Mama Neema. Msimsikilize.

Kuhusu umbali nitarudi, maana hofu ya mzazi siibezi. Ila kwanza niruhusu nishughulike na hilo neno “kuunganisha”, kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka linaniingilia ofisini likiwa limeshikwa mkono na mzazi mwenye risiti ya ada aliyokwisha kulipa. Wewe umeuliza kabla ya kulipa. Wengi huuliza baada.

Hakuna mwaka wa pili unaomsubiri mtu mwenye diploma. Kwa utaratibu wetu, kuna milango miwili mikuu ya kuingilia shahada ya kwanza. Mmoja ni wa kidato cha sita: prinsipo mbili, yaani masomo mawili makuu yaliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0 kwa hesabu ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwingine ni wa sifa linganishi, yaani diploma. Milango ni miwili, sebule ni moja, na sebule hiyo inaitwa mwaka wa kwanza. Mwenye diploma anakaa dawati moja na aliyetoka kidato cha sita miezi michache iliyopita, na mara nyingi anamzidi kwa vitendo na kuzidiwa kwa hesabu.

Neema ana C mbili, yaani pointi 6 kwa hesabu hiyo (zile 11 ni hesabu ya daraja, ni kitu kingine). Ameshapita mlango, yumo ndani. Anachoambiwa na huyo kijana ni kwamba atoke nje, azunguke nyumba miaka miwili, kisha aingie kwa mlango wa pili akae palepale alipokuwa.

Tena hebu fanyeni hesabu yake wenyewe, maana inaonekana hakuna aliyeifanya. Shahada ya uchumi ni miaka 3. Diploma miaka 2, ukiongeza mwaka wa pili na wa tatu wa digrii, ni miaka 4. Kwa hiyo hata uongo wake ungekuwa kweli, binti angechelewa mwaka mzima. Kwa kuwa ni uongo, ni miaka 5. Na hakuna aliyewaambia kwamba katikati ya maneno hayo fani imebadilika: mtoto kachaguliwa uchumi, sasa anapelekwa uhasibu. Uhasibu ni kazi nzuri, lakini Neema aliuchagua lini?

Uongo huu una mizizi, ndiyo maana haufi. Mzizi wa kwanza ni uhamisho wa krediti, yaani uzito wa kozi ulizokwisha kufaulu, ambao upo kweli. Mwanafunzi wa shahada anaweza kuhama chuo kikuu kimoja kwenda kingine na krediti zake, kozi zikilingana na vyuo vikikubali. Lakini hiyo ni shahada kwa shahada. Krediti za diploma ni za ngazi nyingine, hazihesabiwi ndani ya zile 360 ambazo ndizo kiwango cha chini cha shahada ya kwanza.

Mzizi wa pili uko ng’ambo. Kuna mjomba Marekani kapiga simu akasema huko watu huanzia chuo cha jamii karibu na kwao, wakasoma miaka 2 kwa ada nafuu, kisha wakahamia chuo kikuu wakiwa mwaka wa tatu. Mjomba hasemi uongo. Huko shahada ni krediti kama 120, chuo cha jamii kinatoa kama 60, na vyuo vingi vimeandikishiana makubaliano ya kupokeana. Hata hivyo hukohuko wapo wanaofika chuo kikuu wakakuta kozi kadhaa zimekataliwa kwa sababu hazikulingana na shahada wanayoitaka. Sasa mtu anachukua utaratibu wa kule, anaufunga kwenye mfuko wa rambo na kuuuza Gongo la Mboto, mahali ambapo hakuna makubaliano ya namna hiyo yaliyoandikwa.

Kuna jambo jingine ambalo kijana wenu hatawaambia, pengine hata halijui: kumaliza diploma si sawa na kukubaliwa. TCU inataka GPA, yaani wastani wa ufaulu, isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, na vyuo vingine huweka kiwango cha juu zaidi kwa kozi zenye ushindani. Ukipata 2.8 umehitimu, una cheti, picha ya joho unayo, na mlango huo wa pili umefungwa. Halafu kuna namba ya AVN. Hii hutolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kuthibitisha kwamba diploma yako inatambulika na matokeo yako yamo kwenye mfumo wao. Bila AVN huwezi kukamilisha maombi ya shahada, na ili uipate lazima chuo chako kiwe kimewasilisha matokeo. Niliwahi kukaa na kijana ambaye chuo chake, sitakitaja, kilichelewesha matokeo hadi dirisha la udahili likafungwa. Alisubiri mwaka mzima akiendesha bodaboda ya kaka yake. Yeye pia alikuwa “anaunganisha”.

Naomba nisieleweke vibaya. Diploma naiheshimu kuliko wanavyoiheshimu hao wanaoiuza. Aliyepata D na E ana pointi 3, hafiki 4.0, huyo diploma ndiyo njia yake halali, na nimeona wengi wakiipita vizuri. Aliyemaliza kidato cha nne na anataka kuwa fundi sanifu, aende akaanze chini, apande ngazi moja baada ya nyingine; chuo kama DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambacho mizizi yake ni ile shule ya ufundi ya 1957, hakijengi watu wa kubahatisha. Tabibu, fundi wa maabara, mtu wa mifugo, hawa wanamaliza diploma wakiwa na kazi mikononi. Kinachoniudhi ni kumchukua mtoto mwenye sifa kamili na kumuuzia diploma kama njia ya mkato.

Sasa umbali. Na fedha, maana nahisi umbali kwenye barua yako umebeba na fedha ndani yake.

Tangu 2024 treni ya SGR inakwenda Dodoma kwa mwendo wa saa tatu na nusu hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000. Neema akisoma huku mjini akitokea Chanika, atapanda daladala mbili, atatoka nyumbani giza na kurudi giza, na siku ya foleni ya kweli atatumia saa nne barabarani kwenda na kurudi. Foleni ikiwa hivyo siku tano za wiki, ni saa 20. Dodoma anakwenda mara moja, anarudi likizo. Mimi hapo sijui kipi ndiyo mbali.

Chuo kile kina mabweni mengi ndani ya eneo lake. Aombe nafasi mapema, asisubiri kufika. Kuhusu kujitegemea, msichana aliyesoma kutwa Dar es Salaam miaka sita, akagombania daladala za alfajiri na kufaulu EGM, amejitegemea kuliko mnavyodhani. Mfundisheni kupanga matumizi ya mwezi, hilo ndilo huwashinda wengi.

Fedha ndipo ushauri wa kijana unapoumiza zaidi. Mwanafunzi wa shahada anaweza kuomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Fedha ya chakula na malazi, ile wanayoiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Si kila mwombaji hupata, na wanaopata hawapati sawa, maana hali ya familia hupimwa. Na ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa diploma, mikopo ya Bodi ilipoanza 2023/24 ililenga fani chache za kipaumbele, kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Uhasibu haukuwamo. Maana yake, diploma hiyo “ya nafuu” mngeilipa mfukoni miaka miwili, kisha mwanze upya kuomba mkopo wa digrii. Anayefaidi nafuu hiyo ni chuo kinachompa kijana kamisheni kwa kila kichwa anachopeleka.

Nimesema kamisheni kwa makusudi. Vishoka wa vyuo wamejaa mjini humu kama walivyojaa vishoka wa umeme, na wengi si watu wabaya, ni vijana wenye kompyuta na printa wanaolipwa kwa idadi. Lakini udahili haujawahi kuhitaji dalali. Tangu 2017 maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni, kwenye mfumo wa chuo chenyewe, na simu ya mtoto inatosha. Chuo cha kati unakikagua kwenye orodha ya NACTVET, chuo kikuu kwenye orodha ya TCU, na ukague kozi pia, siyo chuo tu. Kuna vyuo vilivyosajiliwa vinavyofundisha kozi ambayo haijaidhinishwa. Anayekuletea chuo cha nje ya nchi, mwambie akuonyeshe kibali chake cha uwakala kutoka TCU. Akianza kueleza historia ndefu, aga uondoke. Na yeyote anayekuambia “nina mtu wangu ndani”, wala usimalize chai yake.

Baya kuliko yote ni lile la namba ya simu. Kishoka anamjazia mtoto fomu, anaweka namba yake na barua pepe yake “kwa urahisi”. Mtoto akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Ujumbe unaingia kwenye simu ya kishoka. Akiwa na shughuli nyingine, au chuo cha pili kikiwa ndicho kinachomlipa, mtoto anakuja kugundua siku dirisha limeshafungwa. Nimeshuhudia mzazi akilia kwenye ngazi za jengo kwa sababu hiyo, na hapakuwa na cha kumsaidia.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza na shangazi, muulize Neema ombi la Dodoma lilijazwa na nani. Kama lilijazwa pale steshenari, afungue akaunti yake leo, mbele yako, aangalie namba iliyomo ni ya nani, na kama amechaguliwa zaidi ya chuo kimoja, kama ameshathibitisha.