Siku tatu Tanga, mji wa vioja na visa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: msomaji akipata siku tatu za mapumziko na nauli ya basi tu, angezunguka mji gani wenye mambo ya ajabu ambayo wageni hawayajui? Najua barua nyingi zitataja Unguja na Bagamoyo. Mimi nasema Tanga. Kuna miji yenye majengo mazuri zaidi na fukwe safi zaidi, sibishi. Ila Tanga kila kona ina kisa chake, na mara nyingi ukiondoa chumvi yote iliyotiwa, ukweli unaobaki ndio unaokuacha mdomo wazi.

Kisa cha kwanza unakutana nacho hata kabla hujashuka kwenye basi. Kuanzia Segera na Muheza, ukimaliza kununua machungwa dirishani, unaanza kuona mistari ya mkonge. Wapo wanaosimulia kwamba mkonge uliingizwa nchini kwa magendo, umefichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Mamba simdhamini. Kinachojulikana ni kwamba Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, vikafika hai 62 tu, vikapandwa karibu na Pangani. Kutoka hivyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika, na baadaye Tanzania, kuongoza dunia kwa mkonge mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Siku ya kwanza iwe ya Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mombasa. Vaeni viatu vya kukanyagia mawe na nguo msizozionea huruma, maana kuna mahali mtapita kwa kujikunyata. Ukilipa kiingilio unapewa mwongozaji mwenye tochi, na huyo mwongozaji ndiye uhondo wenyewe. Anamulika mwamba: huu hapa msikiti, lile pale kanisa, hili kochi, yule mamba. Usipoona kochi anakusogeza hatua mbili na kumulika tena mpaka ukubali. Atawaonyesha Mzimu wa Mabavu, mahali ambapo watu bado wanaleta sadaka na kuomba, wengi wakiomba mtoto. Hapo punguzeni kelele na msiguse kitu. Si maonyesho yale, ni ibada ya watu. Atawasimulia pia habari za Osale Otango na Paulo Hamisi, waliojificha humo miaka ya 1950 wakisakwa na serikali ya mkoloni, ambayo iliwaita majambazi. Namna vijiji vya jirani vinavyowakumbuka ni tofauti kabisa.

Kisha kinakuja kisa cha mbwa. Wazungu wawili waliingia pangoni na mbwa wao, wasionekane tena, ila mbwa akaja kutokea Kilimanjaro. Mpwa wangu, ambaye shuleni anajulikana kwa maswali, alimkatiza mwongozaji: "Mjomba, huyo mbwa alikula nini njiani?" Mzee wa watu hakubabaika. "Popo, mwanangu. Si unawaona walivyo wengi?" Hapa nakiri kisa kimeushinda ukweli, kwa sababu wapimaji waliofika mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote ni la mita 900 hivi. Hata Muheza hufiki.

Jirani na hapo kuna chemchemi za maji moto za Galanos, zilizopewa jina la mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Maji yana salfa, yananuka kama mayai viza, na watu wanayaoga kwa ajili ya maradhi ya ngozi. Kama hampendi harufu, piteni.

Siku ya pili kaeni mjini, na nendeni kwa miguu au baiskeli, kwa sababu Tanga ni tambarare na wenyewe wanaendesha baiskeli bila haraka. Ngamiani peke yake ni kioja: mitaa imenyooka na kuhesabiwa, Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja. Mgeni hapotei hata akitaka. Mchana ulizieni bada, ule ugali wa makopa ya muhogo, kwa samaki wa nazi. Jioni mkate wa kumimina na chai. Msipitwe.

Ila jambo kubwa la siku hiyo ni vita vya nyuki. Wenyeji wa upande wa bandarini watawaambia Wajerumani waliwafundisha nyuki kazi ya uaskari. Na hilo hawakulitunga wao peke yao. Hata magazeti ya Uingereza ya wakati ule yaliandika kwamba nyuki walitegwa makusudi. Sikilizeni sasa ilivyokuwa. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walileta kwa meli jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India kuja kuiteka Tanga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani na yenye walinzi wachache mno. Kabla ya kushambulia, nahodha wa manowari ya Fox alishuka pwani kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambulia mji yamefutwa, na akauliza kama bandari imetegwa mabomu. Yaani mwizi amebisha hodi na kuuliza mbwa amefungwa wapi! Baada ya hapo meli zilipoteza muda mrefu zikisaka mabomu ambayo hayakuwepo. Muda huohuo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa akishusha askari wake kwa treni kutoka Moshi, kwa reli iliyoanza kujengwa hapohapo Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911.

Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4. Walinzi walifika kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Milio ya risasi ikavuruga mizinga ya nyuki, nao nyuki wakatoka kwa hasira na kuuma kila aliyekuwa mbele yao, Mwingereza na Mjerumani, bila kuuliza bendera. Waingereza walirudi melini wakiacha nyuma bunduki mamia kwa mamia na risasi 600,000, ambazo Lettow-Vorbeck alizitumia kuendelea kuwasumbua. Mimi kinachonikera katika kisa hiki ni kwamba tunawakumbuka nyuki na yule Mjerumani, tunawasahau Wahindi na Waafrika waliofia ugomvi usiowahusu. Kwa hiyo mkitoka kwenye Boma la zamani, ambako sasa kuna makumbusho, ulizeni pia makaburi ya vita yalipo.

Kuna mkazi mmoja wa Tanga ambaye hamtamwona lakini lazima nimtaje: silikanti. Samaki huyu wataalamu waliamini alitoweka zamani za dinosaria, miaka zaidi ya milioni 65 iliyopita, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2004 wavuvi wa Tanga waliotega majarife kwenye kina kirefu wakawa wanawapandisha mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 serikali ikaanzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Anaishi chini sana, zaidi ya mita 100, kwa hiyo atakayewaambia atawapeleka na ngalawa mkamwone, muageni kwa heshima.

Siku ya tatu shikeni barabara ya Pangani kuelekea kusini. Upande huo ndiko aliko Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki mwaka 1962 na kuzikwa Machui. Kwa sisi tuliokaririshwa mashairi yake shuleni, kuuliza njia tu ya kwenda kaburini na kuelekezwa kama unayeulizia nyumba ya jirani ni jambo la kupendeza.

Mbele kidogo, kilomita 17 hivi kutoka mjini, ni magofu ya Tongoni: msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengi yakiwa na nguzo, na nguzo zenyewe zimebakia na mashimo yaliyokuwa yamepachikwa vyombo vya kauri. Nilimkuta babu mmoja akipumzika kivulini, nikampa shikamoo, akanionyesha bahari kwa kidevu: "Pale Mreno alichoma jahazi lake." Nilidhani ni yaleyale ya mbwa. Kumbe ni kweli. Januari 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka India na mabaharia wengi wamekufa, aliichoma São Rafael kwenye maji ya upande huo kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Mtashawishika kuunganisha mpaka Pangani kwa kuwa mpo njiani. Mimi nawashauri mgeuze, mkawahi basi la mchana. Pangani ina mto wake, kivuko chake na visa vyake, nayo inataka siku zake peke yake. Na mkiuliza swali kama hili tena, nitawaandikia.