Alama ya mjane na Biblia yake

Mwanangu mpendwa,

Swali lako limenigusa. Umekuta wosia wa mjane wa Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, wa miaka ya 1600: mwishoni ametia alama tu badala ya jina, ilhali katika mali yake mna Biblia na kitabu cha ibada. Ukauliza, alivifanyia nini ikiwa hata jina lake hakuweza kuliandika?

Alivisoma, mwanangu. Kwa Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza waliolowea koloni lile, kusoma na kuandika yalikuwa mafunzo mawili mbalimbali. Kusoma kulitangulia, na mara nyingi mwalimu alikuwa mama au jirani wa kike: herufi, silabi, Zaburi, Agano Jipya, kisha Biblia nzima. Kuandika kulionekana kazi ya karani na mfanyabiashara, kukafundishwa zaidi wavulana. Sheria ya mwaka 1642 ilidai watoto waweze kusoma na kuelewa misingi ya dini na sheria za nchi. Kuandika haikukutaja.

Tena usiwapime kwa wingi wa vitabu. Kitabu kilekile kilisomwa nyumbani kwa sauti, kikarudiwa mwaka hadi mwaka, hadi aya zikakaa moyoni.

Msome Mary Rowlandson, mke wa mchungaji wa Kipuritani aliyeandika habari za kutekwa kwake. Februari 1676, wakati wa vita kati ya walowezi na wenyeji, alitekwa katika mji wa Lancaster, Massachusetts, pamoja na wanawe, na binti yake wa miaka sita akafia utekani. Mmoja wa wenyeji akampa Biblia iliyotoka kwenye nyara za Medfield, mji mwingine wa walowezi. Akafungua Kumbukumbu la Torati 28, penye laana, akaona hakuna tena rehema kwake. Akaendelea hadi sura ya 30, akapata ahadi ya kurudishwa. Baadaye mwanamke mwenzake alipotaka kutoroka, wakafungua Zaburi ya 27, wakashika aya ya mwisho: umngoje Bwana.

Zaburi hiyo naijua kwa sauti ya bibi yako. Kila alipopokea malipo ya kahawa alitia dole gumba, na karani mmoja akamwandika kuwa hajui kusoma. Niliumia, kwa sababu usiku uleule alitusomea kando ya kibatari, kidole kikifuata mstari, bila kuruka neno.

Basi rudi kwenye wosia ule, uangalie mjane alimwachia nani Biblia yake. Ukiona, niandikie.

Mama yako