Maswali na Majibu: Stima ikipotea, acha inveta izime

SWALI: Nina paneli juu ya paa la duka langu na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi) ya kilowati 5 iliyounganishwa na gridi, bila betri. Stima ikipotea, inveta huzima hata jua likiwaka. Tena siku za jua kali hujizima saa saba mchana ilhali stima ipo. Fundi anataka kuondoa kinga ya kisiwa na kupanua mipaka ya volti. Nimruhusu?
– Msomaji, Mamboleo, Kisumu

JIBU: Usimruhusu hata kidogo. Kisiwa hapa si Rusinga wala Mfangano, bali kipande cha laini kilichotengana na gridi huku paneli zikiendelea kukitia umeme; kinga ya kisiwa ndiyo inayoizima inveta ili hilo lisitokee. Transfoma haina upande mmoja: hupitisha umeme kwenda na kurudi. Volti 240 zikiingia kutoka dukani kwako, juu zinatoka 11,000, na huko nguzoni kuna mtu ameshika waya akiamini umekufa.

Inveta hupima volti na frikwensi (mizunguko ya umeme kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi) bila kukoma. Gridi ikiondoka, kwa kawaida vipimo hivyo huruka nje ya mipaka nayo hukata. Kazi ngumu ni pale paneli zinapotoa kilowati 3 na kipande kile kinatumia kilowati 3 hizohizo, maana hapo hakuna kinachotikisika. Ndiyo sababu inveta husukuma frikwensi kidogo kila mara. Mtumbwi uliofungwa ufuoni ukisukumwa hauendi. Kamba ikikatika, msukumo uleule unaupeleka ziwani. Gridi ikiwepo, hezi 50 hubaki palepale. Isipokuwepo, frikwensi huteleza mpaka ivuke kikomo, na inveta inapaswa kuzima ndani ya sekunde 2.

Mwambie fundi aipime adhuhuri. Azime swichi kuu ya gridi, aache ya inveta ikiwa imewashwa, kisha asome volti kwenye waya za inveta: zishuke papo hapo. Arudie huku vyombo vya dukani vikitumia karibu sawa na kinachozalishwa, kwani hicho ndicho kipimo cha kweli. Stima ikirudishwa, inveta isubiri kwanza, mara nyingi dakika 1 hadi 5.

Kuzima saa saba ni jambo jingine, na tunashuku waya. Ili isukume umeme nje, inveta hulazimika kupandisha volti juu ya za gridi. Kilowati 5 kwenye waya wa shaba wa milimita mraba 4, umbali wa mita 40, huongeza karibu volti 8. Gridi ikiwa 257 mchana, unafika 265, na kama kikomo ni 264, inveta inazima. Waya wa milimita mraba 10 ungeongeza 3 tu. Akaze viungo pia, kisha apime volti za gridi inveta ikiwa imezimwa. Zikiwa juu hata hapo, ripoti kwa kampuni ya umeme.

Ukitaka mwanga stima ikipotea, nunua inveta ya mseto yenye betri, ambayo hujitenga na gridi kwanza ndipo ilishe laini ya akiba. Laini hiyo ifungiwe vyombo vichache, friji na taa, kwa waya wake wenyewe. Kamwe isichomekwe kwenye soketi ya ukutani.