Kabla hujaambiwa ni ngiri: jiwe la figo na sisi tunaofanya kazi kwenye joto la Tanga

Mwanaume wa Tanga akishikwa na maumivu yanayoanzia ubavuni yakashuka kinenani hadi kwenye korodani, jirani wa kwanza atakayemwona atasema ni ngiri. Itatafutwa mizizi, itachemshwa, atakunywa. Nami niliambiwa hivyo hivyo, na mzee aliyeniambia alinitakia kheri tu. Lakini maumivu ya jiwe la figo yana tabia yake. Yanakuja kwa vipindi, yanapanda, yanatulia kidogo, yanarudi. Mgonjwa hakai mkao mmoja: ataketi, atainuka, atagaragara, na hakuna upande unaompa nafuu. Aghalabu anatapika, na mkojo unaweza kuwa na damu. Na hata ingekuwa ngiri kweli, ngiri iliyobana ni ya kukimbizwa hospitali pia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yetu iko Ngamiani. Utrasaundi ilionyesha jiwe dogo, nikapewa dawa za maumivu, likatoka lenyewe kwa njia ya mkojo. Tangu hapo nimewauliza sana madaktari jiwe hilo linatengenezwa wapi, kwa sababu ukishajua linapoanzia, ushauri wa kunywa maji unaacha kuwa maneno matupu.

Figo ya binadamu ukiipasua kwa urefu utaona sehemu mbili. Nje kuna gamba, ndipo damu inapochujwa. Ndani kuna medula, iliyogawanyika katika piramidi, kwa kawaida kati ya 8 na 18, kila moja ncha yake ikielekea katikati ya figo. Ncha hiyo huitwa papila. Mkojo unadondoka kutoka kwenye papila hadi kwenye vikombe vidogo vinavyoitwa kalisi, vikombe vinaungana na kumwaga kwenye pelvisi ya figo, na kutoka hapo unateremka kwenye mrija mwembamba mpaka kibofuni.

Figo zote mbili huchuja kama lita 180 kwa siku, na karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndicho mkojo. Kazi ya kurudisha maji inamalizikia ndani kabisa ya piramidi, na kadiri unavyokaribia ncha ndivyo ukolezi unavyozidi. Mtu aliyekaukiwa na maji, mkojo wake hapo unaweza kuwa mkali mara 4 kuliko damu. Waliowahi kufika kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu wanajua: maji ya bahari yakipungua kwa jua, chumvi haina budi kuganda. Kalsiamu na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye vyakula kama mchicha, hufanya vivyo hivyo kwenye mkojo.

Mwaka 1937 daktari Mmarekani, Alexander Randall, alieleza kwamba kwenye papila za watu wengi kuna mabaka meupe ya kalsiamu. Baka huanzia chini ya ngozi laini ya papila. Ngozi hiyo ikilika, baka hubaki wazi mbele ya mkojo mkali, na chembe za oksaleti ya kalsiamu hushikamana juu yake moja baada ya nyingine. Mawe mengi ya aina hii, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, huanzia hapo. Jiwe linaweza kukaa miaka bila kuuma. Maumivu huja likibanduka na kuziba mrija: mkojo unarudi nyuma, figo inavimba, mrija unajikaza kulisukuma. Jiwe la chini ya milimita 5 mara nyingi hupita lenyewe.

Sasa ushauri wangu. Usihesabu glasi, tazama mkojo. Waliowahi kuugua wanatakiwa kukojoa kama lita mbili na nusu kwa siku, na fundi, mvuvi au mbeba mizigo wa bandarini msimu wa kaskazi jasho lake linakula maji kabla hayajafika kwenye figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Kunywa na kabla ya kulala, kwa sababu usiku ndipo unapokolea. Mwezi wa Ramadhani gawa maji kuanzia futari mpaka daku, na kama jiwe limekusumbua karibuni, zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama.

Watu wengi huacha maziwa na dagaa wakisikia neno kalsiamu. Hapana, msiache! Kalsiamu ya chakula hukamata oksaleti tumboni, ikatoka na choo badala ya kufika kwenye figo. Mchicha una oksaleti nyingi, basi uchemshe, mwaga maji, uule pamoja na dagaa au mtindi. Cha kupunguza ni chumvi, maana ikizidi figo hutoa kalsiamu zaidi kwenye mkojo. Najua ladha ya papa mkavu na ng'onda, lakini kijiko kimoja cha chai cha chumvi ndiyo mwisho wa siku nzima. Maji ya ndimu na machungwa ya Muheza yana sitreti, ambayo huizuia kalsiamu kuganda.

Maumivu yakija pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika, usisubiri kupambazuke. Figo iliyoziba ikiwa na maambukizi inaua. Mwenye figo moja na mjamzito nao wasingoje.

Na jiwe likianza safari, kojolea kwenye chujio la chai lililotengwa kwa kazi hiyo. Ukilipata, lifunge umpelekee daktari, umuulize kama linaweza kupimwa ijulikane ni la aina gani. La asidi ya yuriki huweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza uchachu wa mkojo. La oksaleti haliyeyuki hivyo, na linaloletwa na maambukizi halitakoma mpaka maambukizi yatibiwe.